Mche wa Sukari wa Senyora Remedios

Tangu Jumatano ile nalala vizuri. Mke wangu Fettuma anasema hata kusaga meno nimeacha, naye alikuwa ameshazoea kelele zake kwa miaka mitano. Nakiri kwamba usingizi huu sikuutolea jasho. Aliyenipa ni mgeni mmoja kutoka Kadisi, ng'ambo ya bahari huko Uhispania, mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyekuja kwetu Shawen, mji wa milimani Moroko, kula, kunywa na kununua vitu, kama wanavyokuja wenzake wote.

Mimi nauza mablanketi ya sufu katika kichochoro kinachoshuka kutoka uwanjani. Wageni huupiga picha mlango wangu, halafu huenda kununua kwa jirani. Ng'ambo ya kichochoro, hatua saba tu, ndipo penye mgahawa wa dada yangu Sudia, Lalla Sudia kwa majirani, yaani Bibi Sudia. Una meza nne. Asubuhi anauza supu nzito ya maharage yenye mafuta ya zeituni na bizari nyembamba juu yake. Mchana nyama ya mwanambuzi iliyopikwa taratibu na plamu kavu, pamoja na jibini ya mbuzi na mkate wa moto. Kuanzia hapa hadi Tetuani hakuna anayemfikia. Nayasema haya mimi niliyekaa miaka mitano bila kuonja hata kijiko, nikivuta harufu tu kama paka wa dukani.

Tulikuwa hatusemezani. Mkosa ni mimi, nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta. Mama yetu alikuwa mfumaji. Sudia alijifunza kwenye mtambo wake wa kufumia akiwa na miaka minane, na mimi nilijifunza kulala chini yake. Mama alipofariki, arobaini yake haijatimia, alikuja mtu wa hoteli moja ya barabara ya juu akautaka mtambo ule wauweke ukumbini, wageni wautazame. Nikauza. Mtamboni kulikuwa na blanketi ambalo mama aliliacha nusu, basi nikalikata kwa mkasi, nikalikunja, nikaliweka pembeni. Dada yangu sikumwuliza. Kesho yake akaja na mafundo ya sufu begani, amejipa siku hiyo amalizie kazi ya mama. Alikuta alama nne sakafuni, mahali ilipokuwa miguu ya mtambo. Hakupiga kelele. Aliweka sufu chini, akatoka, na kuanzia hapo hakunipa neno, hata la Idi.

Mwaka huu jina lake likatoka kwenye kura ya Hija. Alikuwa ameingoja miaka tisa. Yeye ana sitini na nane, presha inampanda na kushuka, na Hija, kila mtu anajua, watu huenda na wengine hubaki hukohuko. Safari ilikuwa Alhamisi alfajiri. Jumatatu alijitanda vizuri akapita kichochoro kizima, mlango kwa mlango, akiomba radhi kama ilivyo desturi ya anayesafiri kwenda Makka. Alimwomba radhi mwokaji. Alimwomba radhi hata Layashi kinyozi, ambaye ndiye aliyepaswa kuomba, kwa jinsi alivyomnyoa mwana wa Sudia siku ya harusi. Alipofika mlangoni kwangu, nilikuwa nimesimama na blanketi mkononi. Akatazama juu ya mlango, kana kwamba anasoma kitu kilichoandikwa pale, akapita.

Utaniuliza kwa nini sikumfuata. Kiburi, kwanza. Halafu woga, na woga ulikuwa mkubwa kuliko kiburi. Kwetu mtu hamwendei mwenzake na jambo zito mikono mitupu. Ukienda kuposa, kuhani msiba au kuomba radhi, unabeba kwapani mche wa sukari, ule mgumu wa kilo mbili, uliochongoka juu na kufungwa karatasi ya zambarau. Huna haja ya kusema mengi. Mwenye nyumba akiufungua na kuuvunja kwa ajili ya chai, mambo yamekwisha. Akiuacha kwenye karatasi yake, umejua. Katika miaka ile mitano nilinunua mche wa sukari mara tatu. Mara zote tatu tuliunywa wenyewe nyumbani, mimi na Fettuma.

“Kisukari kitatuua kwa ajili ya dada yako,” Fettuma aliniambia mara ya tatu.

Sasa mgeni. Jina lake Senyora Remedios, alikuwa mwalimu, amestaafu. Siku tatu mfululizo alikula kwa Sudia asubuhi na mchana, na siku tatu nilimtazama akitoka pale anapangusa mdomo, nami namwonea wivu. Jumatano asubuhi, baada ya supu, akavuka akaingia kwangu. Kihispania tunakijua sote hapa, cha sokoni.

Nilimwekea chai ya nanaa, nikamkunjulia mablanketi mpaka sakafu haionekani. Alipenda moja jeupe lenye mistari myekundu. Nikataja bei.

“Mfeddal,” akasema, maana jina langu alikuwa ameshaliuliza, “hiyo ni bei ya blanketi au ya kondoo mzima?”

“Ya kondoo wanne, senyora. Na mwanamke aliyekaa mtamboni mwezi mzima mgongo unamuuma.”

“Mimi nami mgongo unaniuma. Nilifundisha watoto miaka thelathini na nane. Nipunguzie.”

“Chai kwanza. Mtu hapunguziwi koo likiwa kavu.”

Tulikunywa glasi mbili, tukakubaliana kwenye ya tatu, na kila mmoja akaamini amemshinda mwenzake. Huyo ndiye mnunuzi ninayempenda. Wengine hulipa haraka na kuondoka, wakakuacha na hela na unyonge.

Alipokuwa akiinuka aliona rafu ya nyuma. “Na lile pale, lililokatwa?”

“Lile haliuzwi.”

“Lina kasoro?”

“Kasoro ni yangu,” nikasema, na nikaanza kukunja mengine.

Alikuwa na kapu lake la sokoni: jibini iliyofungwa kwa majani, sabuni ya zeituni, na mche wa sukari ukichomoza juu kama mtoto anayechungulia. Nikaacha kukunja.

“Huu wa nini?” nikamwuliza.

“Nimeununua jana sokoni. Karatasi yake inapendeza. Nitauweka nyumbani juu ya piano.”

“Ni sukari, senyora.”

“Najua ni sukari. Sitaifungua.”

Sikubishana naye. Nimeona wageni wakinunua hatamu za punda watundike ukutani. Akaniomba nimtunzie vitu vyake apande hadi chemchemi ya Ras-el-Maa kuwatazama wanawake wanaofua mazulia, nikamwambia hakuna shida. Kapu likakaa kwenye kona yangu saa mbili nzima, mche ukinitazama. Nilihesabu: Jumatano adhuhuri, Alhamisi alfajiri. Mwanamume mzima, mwenye mvi, nikakaa pale najiambia nitakwenda baada ya sala ya adhuhuri; kisha, bora baada ya alasiri, wateja wake wakiwa wametoka. Nilijua ninavyojidanganya, maana ulikuwa uongo uleule wa miaka mitano.

Adhuhuri Remedios akarudi anahema kwa njaa. Blanketi lilikuwa kubwa, akalitupia begani. Alipoutoa mche kupisha chupa ya maji, haukuingia tena kapuni, basi akaukumbatia kwapani. “Naenda kula,” akasema, akatoka. Mimi nikarudi nyuma ya duka kupanga nilichokivuruga.

Sikuwaza lolote. Huo ni ukweli, na Mungu anajua. Ndipo nikasikia kigelegele kutoka dirisha la juu. Kisha kingine. Kabla sijafika mlangoni, Layashi kinyozi alikwisha kuingia na wembe mkononi, amemwacha mteja wake na povu shavuni, akanibusu begani.

“Mungu akubariki, Mfeddal. Nasema kweli, nilikudhania mjinga.”

“Kuna nini?”

“Jifanye hujui. Na kumtuma mgeni, mwanamke, mtu mzima, ambaye Lalla Sudia hawezi kumrudisha! Hata mimi nisingewaza. Na blanketi jeupe juu! Umemaliza.”

Nikatazama ng'ambo. Kichochoro kizima kilikuwa kimesimama. Mgeni ametoka mlangoni kwangu, blanketi jeupe begani, mche wa sukari kwapani, akaenda moja kwa moja hatua saba hadi kwa dada yangu. Kwa macho ya mtu yeyote aliyezaliwa hapa kulikuwa na maana moja tu. Nikakalia rundo la mablanketi.

“Furaha,” Layashi akawaeleza waliokuwa nje. “Mwacheni, ni furaha.”

Baada ya muda kidogo Remedios mwenyewe akatokea, amebeba glasi ya chai kwenye sinia, anatembea kwa hadhari asimwage. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga zulia la msikiti na viatu.

“Dada yako amekutumia hii,” akasema. Kisha akainama, akanong'ona. “Mfeddal, sijui nilifanya kosa gani. Amevunja sukari yangu.”

“Amevunja?”

“Niliiweka mezani, basi. Akatoka jikoni, akasimama, akauliza jambo kwa Kiarabu, kwa sauti kubwa, watu wote wakanigeukia. Alinyoosha kidole huku kwako. Nikadhani anauliza blanketi nimenunua wapi, nikaitikia kwa kichwa. Akaleta nyundo. Akachana karatasi, akapiga. Wanawake wakaimba. Nami nikapiga makofi, ningefanyaje?”

Nilishika glasi ile. Nanaa mbichi, moto wa kuchoma vidole, imemiminwa kutoka juu mpaka ikatoa povu, kama alivyokuwa akimimina mama. Nikaona mtego niliomo. Nikiinywa, nimeiba msamaha ambao sikuuomba. Dada yangu ataingia ndegeni na moyo mweupe kwa ajili ya sukari ya mtu aliyetaka pambo la piano. Nisipoinywa, Layashi na kichochoro kizima watashuhudia nimerudisha chai ya Sudia, na hilo halitafutika hata kwa miche mia.

Nikanywa. Ilikuwa tamu mno. Machozi yalinitoka, na Layashi akawaeleza walio nje kuhusu hilo pia.

Kisha nikainuka. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nadhani ni aibu tu, aibu imezidi woga. Nikaenda duka la kona nikanunua mche wa sukari, wa nne huo. Nikarudi dukani, nikachukua kwenye rafu ya nyuma lile nusu blanketi la mama. Nikamwambia Remedios, “Twende, senyora.” Nimepanda milima hii tangu utoto, lakini hatua saba zile zilinichosha kuliko mlima wowote.

Sudia alikuwa jikoni, mgongo kwangu, anakoroga. Remedios alikaa mezani kwenye nyama yake, nami nikasimama kizingitini kama anayeomba kazi.

“Dada,” nikasema.

“Ingia, upepo unazima moto.”

Miaka mitano, na neno la kwanza likawa hilo. Nikaingia. Nikaweka mche karibu na vitunguu.

“Dada, ule wa mwanzo sikuutuma mimi. Ni wa yule mama. Aliununua jana sokoni, anaupenda kwa karatasi yake. Sijamtuma mtu. Ningesema mapema lakini...”

“Najua.”

“Unajua nini?”

Akageuka. Alikuwa amezeeka usoni kuliko nilivyodhani nikimtazama kwa mbali. “We Mfeddal, mimi mtoto? Asubuhi mche ule ulikuwa juu ya meza yangu, ubavuni mwa bakuli la supu. Alinionyesha. Akanionyesha na jibini.”

“Na mbona ulimwuliza mbele ya watu kama umetoka kwangu?”

“Kwa sababu Kiarabu hakijui, huitikia kila kitu. Jana nilimwuliza kama yeye ni mbuzi, akaitikia.”

Nilitaka kucheka. Yeye alifunika chungu, akapangusa mikono.

“Kesho alfajiri naondoka,” akasema, sasa taratibu. “Ningekungoja mpaka lini? Nilikuona ukinunua sukari. Mara ya kwanza, ile Ramadhani. Mara ya pili, mjukuu wangu alipozaliwa. Ukafika hadi kwenye mfereji pale katikati, ukageuka. Mara ya tatu, mwana wa mama yangu, nilikwisha bandika maji ya chai. Yalichemka mpaka yakakauka.”

Hapo ndipo nilipolia, na sikuona aibu. Nilisema niliyopaswa kuyasema miaka mitano nyuma, kwamba niliuza kilichokuwa chake kuliko changu, kwamba nilijua hivyo wakati mkasi uko mkononi, kwamba baadaye nilirudi hotelini mara mbili kuomba waniuzie tena, wakakataa. Sikusema kwa mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunisaidia hata neno moja, na nilistahili.

“Nami nilikwenda kuutazama,” akasema. “Mtambo. Nilijifanya naulizia bei ya chumba.”

“Ukauona?”

“Nyuzi wamezifunga kama kamba za kuanikia nguo. Wageni wanapiga picha. Mama angewachapa.” Akavuta pumzi. “Nimekusamehe, Mfeddal. Na wewe unisamehe kwa kupita mlango wako Jumatatu. Ilinikaa rohoni. Lakini sikutaka kukupa njia rahisi. Kuna mambo lazima mtu ayavukie mwenyewe, hata kama ni kwa kusukumwa na Mhispania.”

“Nimekusamehe,” nikasema, ingawa hakukuwa na cha kusamehe.

Ndipo nikamkabidhi nusu blanketi. Alilikunjua juu ya meza ya jikoni. Jeupe, mstari mwekundu mmoja, na pale ulipoanzwa wa pili, ukingo uliokatwa. Alipitisha kidole kwenye ukingo ule toka mwanzo hadi mwisho. Sikujua angefanya nini. Nilijiandaa kwa lolote.

“Ulilitunza,” akasema.

“Wateja wamelitaka. Hata huyu wako leo.”

“Ulikata kombo.”

“Sikuweza kutazama.”

Akalikunja mara mbili, akalipima kwa macho, akaenda kuliweka juu ya sanduku lake la safari lililokuwa mlangoni, tayari limefungwa kwa kamba.  Kisha akachukua ule mche wa sukari wa nne, akaurudisha mikononi mwangu.

“Mpelekee mwenyewe. Tumemvunjia mali yake.”

Nikatoka, nikauweka mbele ya Senyora Remedios. Aliugeuza akiutazama, akaridhika, akasema karatasi ya huu ni nzuri kuliko ya ule. Watu wakacheka, naye akacheka nao, akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaketi meza ya pili, na Sudia akaniletea bakuli: mwanambuzi, plamu, mkate wa moto. Nililamba hata mchuzi uliobaki kidoleni. Aliniongezea bila kuniuliza.

Alfajiri nilimbebea dada sanduku hadi kwenye gari. Layashi naye aliamka, akapiga dua ndefu kuliko ya imamu.

Jana dada akapiga simu kutoka Makka. Sauti ilikuwa inakatika, watu wengi nyuma yake. Nilimwuliza presha, akasema iko salama. Nilimwuliza chakula, akasema chumvi kidogo. Kisha akaniambia anaswali juu ya lile nusu blanketi, ndilo mswala wake. Linamtosha vizuri kwa urefu, kana kwamba mama alilipima.

“Ila ule ukingo wako unafumuka,” akasema. “Kila nikisujudu nauona mbele ya macho.”

“Pole, dada.”

“Usiseme pole. Nitafutie sufu nyeupe, na nyekundu kidogo. Nikirudi tutakwenda hoteli ile, wewe ujifanye unaulizia chumba, mimi nitafunga upya zile nyuzi za mtambo.”

Leo asubuhi nimekwenda kununua sufu.